Kuunganisha iPod touch ya zamani na Wi-Fi ya nyumbani: mwongozo kamili

Binamu yangu alinijia na iPod touch iliyofungwa ndani ya soksi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, yaani mjomba wangu, na ndani yake mlikuwa na rekodi za taarab zilizopigwa kwenye harusi za ukoo, rekodi ambazo hazipo mahali pengine popote. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi, akaambiwa Wi-Fi yake imekufa, bora auze vipuri. Nilipoishika niliona inawaka vizuri na inaona mitandao ya majirani wanne. Mtandao wa kwao ndio ambao haukuonekana. Baada ya kama dakika ishirini, na bila kufungua hata skrubu moja, ikashika.

Naandika haya kwa sababu jambo hilo limenikuta mara nyingi mno. Kicheza muziki cha zamani kinapokataa kushika mtandao, mara nyingi hakina ubovu wowote. Ruta ya leo (kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi) inazungumza lugha ambayo kifaa cha miaka kumi na zaidi iliyopita hakikufundishwa. Kazi yako ni kuirudisha ruta nyuma hatua moja, bila kuacha mlango wa nyumba wazi.

Nitaeleza kwa iPod touch kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi na ndiyo ninayoijua kwa vidole. Mwishoni nitagusa Walkman za Sony zinazotumia Android.

Ijue kwanza uliyonayo

Siyo kila iPod ina Wi-Fi. Classic, nano na shuffle hazina kabisa, na hakuna programu itakayowapa. Yenye Wi-Fi ni touch peke yake, ile yenye kioo kizima mbele. Ilitoka mara ya kwanza Septemba 2007, na Apple ilitangaza kuacha kuitengeneza Mei 2022, ikiwa imefika kizazi cha 7.

Igeuze nyuma, tafuta maandishi madogo sana yanayoanza na herufi A. Chukua simu, piga picha, kisha ikuze, kwa sababu kwa macho tu hutayasoma. A1213 ni kizazi cha 1, A1288 cha 2, A1318 cha 3, A1367 cha 4, A1421 au A1509 cha 5, A1574 cha 6, na A2178 cha 7. Kama maandishi yamefutika, angalia tundu la chaja. Lile pana la kizamani ni la kizazi cha 1 hadi 4. Lile dogo la Lightning ni la kizazi cha 5 kwenda juu.

Mpaka huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Kizazi cha 1 hadi cha 4 kinasikia 2.4 GHz tu. Ukikipa mtandao wa 5 GHz hakikatai nenosiri wala hakilalamiki, hakiuoni tu, na hapo ndipo watu wanapodhani kimeharibika. Kizazi cha 5, 6 na 7 vinasikia yote mawili.

Ichaji na uiwekee tarehe

iPod iliyokaa kabatini miaka huwa betri imekauka. Kabla ya kuchomeka chaja, ilaze mezani uitazame kwa ubavu. Kama kioo kimeinuka au mgongo umevimba, usiichaji. Betri iliyovimba inaweza kushika moto, hiyo ni kazi ya fundi. Kama iko bapa, ichomeke na uiache nusu saa bila kuigusa. Inaweza kukaa giza muda mrefu kabla alama ya betri haijatokea, usikate tamaa mapema.

Ikiwaka, angalia tarehe kabla ya jambo lingine lolote. Betri ikiisha kabisa, saa ya ndani hupotea, na unaweza kukuta imeandika 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Wi-Fi yenyewe itashika hata tarehe ikiwa mbaya. Shida inakuja baadaye: tovuti hukataa kufunguka na duka la programu linasema haliwezi kuunganishwa, kwa sababu vyeti vya usalama vya mtandaoni vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kifaa kinachodhani tuko 1970 vyote vinaonekana havijaanza kutumika. Ingia "Settings", kisha "General", kisha "Date & Time". Zima "Set Automatically", chagua saa za Dar es Salaam au Nairobi, kisha weka tarehe na saa kwa mkono.

Sasa nenda kwenye ruta

Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima, na ndipo watu wengi wanapokwama. Chukua simu au kompyuta ambayo tayari imeshika Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari, na pale juu andika anwani ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1. Anwani sahihi, jina la kuingilia na nenosiri la msimamizi huwa vimeandikwa kwenye stika chini au nyuma ya ruta. Nenosiri hilo la msimamizi ni tofauti na lile la Wi-Fi, usiyachanganye. Kama ruta uliletewa na kampuni ya intaneti na wameifunga, wapigie huduma kwa wateja uwaombe wabadilishe haya ninayoyataja, na uwasomee maneno kama yalivyo.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya kila ukurasa unaoufungua. Ukiharibu, utarudi ulikotoka.

Tafuta sehemu iliyoandikwa "Wireless" au "WLAN". Ruta nyingi zimeunganisha 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja, na ruta ndiyo inayoamua nani aende wapi. Vifaa vya zamani havipendi mpango huo. Vitenganishe: zima kitu kilichoandikwa "Smart Connect" au "Band Steering", kisha upe kila kimoja jina lake. Nyumbani kwa binamu tuliacha jina la zamani kwenye 5 GHz ili simu za watoto zisisumbuke, na 2.4 GHz tukaiita Baraza. Majina ni mawili lakini mtandao ni mmoja. Kompyuta iliyo kwenye jina hili na iPod iliyo kwenye jina lile kwa kawaida vitaonana.

Halafu ingia kwenye usalama wa hiyo 2.4 GHz. Ukikuta WPA3, yaani aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, hicho ndicho kikwazo. WPA3 ilitoka 2018, na iPod nyingi zilikuwa zimeshaondoka kiwandani. Chagua WPA2-PSK, aina iliyoitangulia, na kwenye aina ya usimbaji chagua AES, siyo TKIP. iPod touch zote tangu ya kwanza zinaijua WPA2. Kama kuna mstari wa "PMF" au "Protected Management Frames" umewekwa lazima, uache uwe wa hiari au uuzime. Upande wa 5 GHz uache na WPA3 yake, hakuna sababu ya kushusha ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili ya kifaa kimoja.

Nasisitiza hapa. Mtu atakushauri ushuke hadi WEP, ulinzi wa kizamani kabisa, au uache mtandao wazi bila nenosiri, eti ndiyo njia rahisi. Usikubali. WEP huvunjwa kwa dakika chache na programu za bure, na mtandao wazi ni mwaliko kwa mtaa mzima kula bando lako na kupitia vifaa vyako. iPod haihitaji kabisa kushushwa huko.

Yamebaki mawili ya kupitia haraka. Kwenye "Mode" chagua mchanganyiko wa b/g/n (herufi hizi ni vizazi vya Wi-Fi, n ndiyo mpya zaidi kati ya hizo), maana kizazi cha 1 hadi 3 hakijui n. Na kwenye "Channel", badala ya kuiachia ruta ichague yenyewe, chagua 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani, na kwenye maghorofa ambako kila mlango una ruta yake utaona tofauti. Sababu nyingine ni hii: vifaa vingi vilivyouzwa soko la Marekani havisomi chaneli 12 na 13, na iPod nyingi zilizotufikia zililetwa na ndugu kutoka huko. Ruta ikihamia chaneli 13 usiku, asubuhi iPod inaamka haioni kitu, nawe unabaki kushangaa kwa nini jana ilishika.

Hifadhi, kisha subiri ruta izime na kuwaka.

Kuiunganisha yenyewe

Kaa chumba kimoja na ruta kwa mara ya kwanza. Fungua "Settings", gusa "Wi-Fi", iwashe, subiri orodha ijae, gusa jina la mtandao wako, kisha andika nenosiri. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na kwenye stika sifuri na O hufanana, vilevile 1 na l. Nenosiri la WPA2 lina herufi kati ya 8 na 63, kwa hiyo kama uliloandika halifiki nane, tayari unajua umekosea. Kitufe cha WPS kilicho nyuma ya ruta usihangaike nacho, iPod haikitambui.

Ikishika, alama ya tiki inatokea pembeni ya jina. Usiishie hapo. Gusa kialama cha "i" pembeni ya jina (kwenye iOS, yaani mfumo unaoendesha iPod, ya 6 na za chini yake ni mshale mdogo wa buluu) usome mstari wa "IP Address". Ukiona inaanza na 192.168, ruta imeikaribisha na kuipa namba. Ukiona inaanza na 169.254, ina maana iPod imejipa namba yenyewe kwa kukosa jibu. Gusa "Renew Lease". Ikigoma, gusa "Forget This Network" uanze upya, na ikigoma tena zima ruta, hesabu hadi thelathini, washa. Baada ya umeme kukatika na kurudi, hili hutokea sana: iPod inang'ang'ania namba ya jana na ruta imeshaigawa kwa kingine.

Kama inauliza nenosiri kila mara na una hakika ni sahihi, rudi kwenye ruta uhakikishe kweli umehifadhi WPA2 na AES. Na kama una kizazi cha 7 chenye iOS 14 au 15, kumbuka kwamba huficha anwani yake halisi ya Wi-Fi (siyo ile ya IP) na kutumia ya kubuni. Ruta iliyowekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa itaifukuza. Zima "Private Address" kwa mtandao huo wa nyumbani, kisha uandike kwenye ruta anwani halisi ya iPod, ile ya mstari wa "Wi-Fi Address" ndani ya "General", kisha "About".

Dawa ya mwisho kabla ya kukata tamaa ni "Reset Network Settings". Iko ndani ya "General", kisha "Reset" (kwenye iOS 15 pitia "Transfer or Reset" kwanza). Inafuta mitandao yote iliyokumbukwa, haigusi nyimbo wala picha. Soma jina la kitufe mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa jirani yake, "Erase All Content and Settings", inafuta kila kitu.

Na utajuaje kuwa Wi-Fi imekufa kweli? Swichi yake inakuwa ya kijivu na haikubali kuwaka, au ukiingia "General", kisha "About", mstari wa "Wi-Fi Address" unaonyesha "N/A". Hapo ndipo fundi anapokuwa na haki ya kusema alichomwambia binamu yangu.

Kama nyumbani huna ruta na unatumia simu kurusha mtandao, kanuni ni zilezile. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspot uchague 2.4 GHz na WPA2. Kwenye iPhone 12 na za baada yake washa "Maximize Compatibility".

Nyimbo bila kula bando

Jambo hili watu wengi hawalijui, nami natamani kila mwenye nyumba alijue: Wi-Fi ya nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Nyimbo zikitoka kwenye kompyuta ya sebuleni kwenda kwenye iPod ya chumbani, zinapita kwenye ruta na kuishia humo ndani. Bando likiwa limekwisha, kazi inaendelea. Linganisha na kusikiliza muziki moja kwa moja mtandaoni: kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula kama MB 58, na kwa 320 inakula MB 144. Msikilizaji wa saa nne kwa siku atayaona matokeo mwisho wa wiki.

Njia ninayoipendekeza ni VLC, programu ya bure ya kucheza muziki na video. Pakua VLC kwenye iPod (inahitaji iOS 9 au zaidi, kwa hiyo ni ya kizazi cha 5 kwenda juu), ifungue, nenda sehemu ya "Network", washa "Sharing via Wi-Fi". Itakuonyesha anwani, kwa mfano http://192.168.1.7. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule. Ukurasa utafunguka, nawe unaburuta faili za nyimbo na kuzidondosha humo. Acha iPod ikiwa imewaka na VLC ikiwa mbele hadi kazi iishe, ukiifunga katikati uhamishaji unakatika. Nyimbo hizo utazikuta ndani ya VLC, siyo kwenye programu ya muziki ya iPod.

Njia ya pili ni iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta, inayofaa hata kizazi cha 3 na cha 4 mradi zina iOS 5 au zaidi. Mara ya kwanza lazima uchomeke waya. Fungua iTunes, bonyeza alama ya iPod, weka tiki kwenye "Sync with this iPod over Wi-Fi", kisha "Apply". Tangu hapo, kompyuta ikiwa na iTunes wazi na iPod ikiwa kwenye chaja ndani ya mtandao huo, vitasawazishana bila waya.

Lakini soma aya hii kabla ya kuchomeka huo waya. iPod hufuata maktaba ya kompyuta moja tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine na kutaka kusawazisha muziki, iTunes itatoa kisanduku chenye kitufe cha "Erase and Sync". Kitufe hicho hufuta nyimbo zote zilizomo ili kuweka za kompyuta mpya. Binamu alikuwa ameshapeleka kipanya juu yake, kidole tayari, nikamshika mkono. Mjomba hakuacha nakala nyingine. Tulibonyeza "Cancel", tukazinakili nyimbo kwenda kwenye kompyuta kwa programu ya iMazing, tukaziweka kwenye diski mbili, moja kwake na moja kwangu. Baada ya hapo ndipo tukaendelea. Kama iPod yako ina kitu ambacho hakipo pengine, nakili kwanza, sawazisha baadaye.

Ikiwa iPod ina intaneti vizuri lakini kompyuta haiioni, angalia kama moja kati yao imeingia kwenye mtandao wa wageni. Mtandao wa wageni huzuia vifaa visionane, ndivyo ulivyoundwa. Kwenye ruta kizuizi hicho huitwa "AP Isolation" au "Client Isolation". Hamishia vyote kwenye mtandao wa kawaida. Kwenye Windows hakikisha pia mtandao umewekwa kuwa "Private", la sivyo ulinzi wa kompyuta hufunga mlango.

Ikishika lakini tovuti hazifunguki

iPod yenye iOS chini ya 10 itakataa tovuti nyingi hata ikiwa na tarehe sahihi na mtandao mzuri. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, ambacho kiasi kikubwa cha tovuti duniani kilikitegemea, kiliisha muda, na cheti kilichochukua nafasi yake hakimo kwenye mifumo hiyo ya zamani. Kizazi cha 5 kiliishia iOS 9.3.5 na cha 4 kiliishia 6.1.6, kwa hiyo vyote vimo kwenye shida hii. Usipoteze jioni nzima ukihangaika na ruta kwa sababu hiyo. Ifanye iPod iwe kicheza muziki, ipokee nyimbo ndani ya nyumba, na mambo ya tovuti yaachie simu. Kizazi cha 6 kikisasishwa hadi iOS 12, na cha 7 hadi 15, vinaendelea vizuri.

Walkman za Android

Sony NW-A105 ya mwaka 2019 na NW-A306 iliyoifuata 2023 ni rahisi zaidi, kwa kuwa ndani yake ni Android kama ya simu. Zinasikia 2.4 na 5 GHz. Tarehe kwanza, kisha mipangilio ya mtandao, kisha jina na nenosiri. VLC ipo kwenye Play Store na njia ya kuhamisha nyimbo haitofautiani sana na niliyoeleza. Jambo moja la kuzingatia ni masasisho: zima ya kujipakua yenyewe ndani ya Play Store, la sivyo siku ya kwanza tu kifaa kitameza bando kwa programu usizozitumia.

Ukimaliza kuhamisha nyimbo, zima Wi-Fi kwenye kifaa. Betri za vifaa hivi ni ndogo na zimezeeka, na nyimbo zilizomo hazihitaji mtandao ili zipigwe. Utaiwasha tena siku ukiwa na nyimbo mpya za kuingiza.